Lightroom na Photoshop Zikiwa Nzito: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Unavuta slaida ya mwanga, picha inabaki ilivyo. Unavuta tena. Ghafla inaruka na kuwa nyeupe pee, kwa sababu kompyuta ilikuwa bado inahesabu mvuto wa kwanza wakati wewe umeshaongeza wa pili na wa tatu. Kwa mwenye picha mia nane za harusi na familia inayouliza kila asubuhi zimefikia wapi, uzito huo unakula usiku wa kazi, na unakula ubora pia. Mtu aliyechoka kusubiri ataacha kurekebisha rangi ya ngozi za wageni wa meza ya mwisho, aseme basi imetosha.

Ushauri unaotolewa upesi mtaani ni mmoja: ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Wakati mwingine ni sahihi. Lakini wengi wameongeza RAM kwenye mashine ambayo ugonjwa wake ulikuwa diski, wakatoa fedha ya maana na uzito ukabaki vilevile. Kwa hiyo hapa tutatafuta kwanza ni sehemu gani ya kompyuta inayozidiwa, tufanye yote yasiyo na gharama, halafu ndipo tuzungumzie kununua.

Nimeandika kwa anayetumia Lightroom Classic na Photoshop kwenye Windows, kwa kuwa ndizo ninazozikuta kwenye laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo na katikati ya Nairobi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee. Anayetumia programu za bure kama darktable au GIMP asiondoke: mambo ya diski, joto na RAM yanamhusu vilevile.

Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi

Harusi haipigwi mara ya pili, na mtoto hapati kipaimara mara mbili. Tafuta katalogi yako ya Lightroom, faili linaloishia na .lrcat, ambalo kwa kawaida limo ndani ya folda ya Pictures, kwenye folda ndogo iitwayo Lightroom. Humo mna marekebisho yote uliyofanya, nyota, maneno ya utafutaji na makusanyo. Picha zenyewe hazimo. Kwa hiyo nakili vitu viwili: faili hilo, na folda za picha. Viweke kwenye diski nyingine, si kwenye folda nyingine ya diski hiyohiyo.

Ukishamaliza, kagua afya ya diski. Kuna programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ukiifungua inakuonyesha neno Good, Caution au Bad kwa kila diski. Hatua hii wengi wanairuka, na inaniuma, kwa sababu uzito unaweza kuwa dalili ya kwanza ya diski inayokufa. Ikiwa unaona Caution au Bad, au diski ya kuzunguka inatoa mlio wa kugonga-gonga, au folda fulani inaganda kila ukiifungua, acha mwongozo huu hapo ulipo. Usifanye defragi (kuunganisha vipande vya mafaili kwenye diski), usiendeshe ukaguzi mrefu wa diski, usipange upya chochote. Kila usomaji wa ziada unaipunguzia diski hiyo maisha. Toa kwanza picha za wateja ambao hujawakabidhi, kisha zilizobaki, kisha ubadilishe diski.

Hatua ya kwanza: sema ni wapi panapochelewa

"Kompyuta nzito" haimsaidii fundi wala haikusaidii wewe. Kaa na kazi yako ya kawaida kwa nusu saa na uandike kwenye karatasi ni kitendo gani hasa kinachokusubirisha.

Kama programu inachukua dakika kadhaa kufunguka lakini ikishafunguka inakwenda vizuri, mshukiwa wa kwanza ni diski. Kama kuhama kutoka picha moja kwenda nyingine ndiko kunakochosha, angalia diski, picha zinapokaa na previu za Lightroom, yaani nakala inazotengeneza za kuonyesha picha. Kama slaida, brashi na maski ndizo zinazoburuta, tazama prosesa na kadi ya grafiki. Kama Photoshop inaanza vizuri halafu inazidi kuwa nzito kadiri unavyoongeza leya, hapo RAM ndiyo inayolia. Na kama kila kitu kinaanza vizuri asubuhi kisha kinalegea baada ya robo saa ya kazi nzito, shika tumbo la laptopu: huenda ni joto.

Chagua pia kipimo kimoja utakachokirudia. Kwa mfano, chukua picha kumi za RAW (picha ghafi kutoka kamera), zitoe kuwa JPEG kwa Export, na upime muda kwa simu. Baada ya kila badiliko rudia picha zilezile kumi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Hatua ya pili: fungua Task Manager wakati uzito unatokea

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, acha dirisha hilo wazi pembeni huku ukifanya kile kitendo kinachochelewa. Usiangalie kompyuta ikiwa imetulia, maana haitakwambia kitu.

Anza na Disk. Ukibonyeza diski yako utaona kama ni SSD (isiyo na sehemu inayosogea) au HDD (ya kuzunguka), na utaona asilimia ya muda inayofanya kazi. Wengi hushangaa kuona 100% huku kasi ya kusoma ikiwa megabaiti mbili au tatu tu kwa sekunde. Hakuna kosa hapo. HDD ina sahani inayozunguka na mkono unaosogea, na ikitakiwa kusoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, muda wote unaishia kwenye kusogeza mkono. Tazama mstari wa Average response time. Kwenye SSD nzima kwa kawaida ni milisekunde chache. Kwenye HDD iliyozidiwa utaona mamia. Ukiona hivyo, umempata mgonjwa wako, na RAM ya ziada haitamtibu.

Kisha Memory. Angalia kiasi kinachotumika, halafu angalia Committed, ambayo ina namba mbili. Namba ya kwanza ikiwa kubwa kuliko RAM uliyo nayo, huenda Windows imeanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Ni kama fundi cherehani mwenye meza fupi: kila akitaka kukata mkono wa gauni lazima kwanza akunje kitambaa kingine akirudishe kabatini, na muda unaishia njiani. Ukurasa huohuo una mstari wa Slots used, na unakwambia, kwa mfano, 1 of 2. Ukumbuke mstari huo, tutauhitaji kwenye kununua.

CPU ikiwa 100% wakati wa Export, hiyo ni kawaida na ni vyema; prosesa inafanya kazi yake. Cha kuangalia ni neno Speed. Chini yake pameandikwa Base speed, kasi ya msingi ya prosesa. Ikiwa Base speed ni 1.70 GHz na wewe chini ya mzigo unaona 0.79, kuna kinachoizuia. Mara nyingi ni joto, au chaja. Laptopu nyingi za Dell, kwa mfano, hupunguza kasi zikishindwa kuitambua chaja, na zinaonyesha onyo wakati wa kuwaka ambalo watu hulipita kwa kubonyeza kitufe. Chaja ya bei rahisi inaweza kuichaji betri vizuri kabisa na bado ikakunyima nusu ya mashine.

GPU, yaani kadi ya grafiki, ikiwa karibu 0% wakati unavuta slaida kwenye Develop, chumba cha Lightroom cha kurekebisha picha, huenda Lightroom haiitumii. Tutalifikia.

Hatua ya tatu: diski, nafasi na kebo

Acha angalau sehemu ya tano ya diski yenye Windows ikiwa wazi. Diski ya gigabaiti 256 ibaki na kama 50. Photoshop huandika mafaili makubwa ya muda, Lightroom nayo ina hifadhi yake, na SSD iliyojaa hadi kooni hupoteza kasi ya kuandika. Anza na Downloads, video za WhatsApp na pipa la takataka. Photoshop ikizimika ghafla, kwa mfano umeme ukikatika, huweza kuacha mafaili makubwa yenye jina linaloanza na Photoshop Temp. Hakikisha programu imefungwa, kisha yatafute na kuyafuta.

Sasa angalia picha zinakaa wapi. Ninawasihi wote: usihariri picha zikiwa bado kwenye kadi ya kamera au kwenye flashi. Hata diski ya nje, kasi yake inategemea tundu ulilochomeka. USB 2.0 kwa uhalisia hutoa kama megabaiti 35 kwa sekunde. Picha 1,000 za RAW za kamera ya megapikseli 24, tuseme gigabaiti 28, zitachukua takriban dakika 13 kunakiliwa. Diski ileile ya kuzunguka kwenye tundu la USB 3.0, ikienda megabaiti 120 kwa sekunde, itamaliza kwa dakika nne hivi. Tundu la USB 3.0 mara nyingi ni la buluu ndani au lina herufi SS. Kebo pia ni lazima iwe ya USB 3. Kebo ya zamani inashusha kila kitu.

Mpangilio unaofaa kwa mwenye diski moja ndogo ya SSD na diski kubwa ya nje ni huu: Windows, programu, katalogi na hifadhi za muda vikae ndani kwenye SSD, picha zenyewe zinaweza kukaa nje. Katalogi isikae nje. Lightroom huisoma na kuiandika kila sekunde unayofanya kazi, kwani ni hifadhidata, na kebo ikichomoka katikati ya uandishi unaweza kuiharibu.

Kuna jambo lingine la Windows 11 ambalo linawaumiza watu bila wao kujua. Mara nyingi OneDrive huwa imewashwa kuhifadhi folda ya Pictures, na katalogi yako imo humohumo. Kila unapogusa picha, faili linabadilika, na OneDrive inajaribu kulipandisha tena mtandaoni. Inakula diski na inakula bando. Funga Lightroom, hamishia folda nzima ya katalogi mahali kama C:\Lightroom, kisha bonyeza faili la .lrcat mara mbili kulifungua kutoka huko.

Hatua ya nne: ndani ya Lightroom

Hapa ndipo pana faida kubwa zaidi bila senti, kwa hiyo nenda polepole.

La kwanza ni Smart Previews. Hizi ni nakala ndogo za picha zako, zenye upande mrefu wa pikseli 2,560. Picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ina pikseli milioni 24. Nakala yake ndogo ina milioni nne na kitu. Kompyuta inabeba chini ya robo ya mzigo. Chagua picha zote za kazi, nenda Library, Previews, kisha Build Smart Previews, na uiache ifanye wakati unakula. Halafu nenda Edit, Preferences, Performance, na uweke alama kwenye Use Smart Previews instead of Originals for image editing. Kwenye laptopu ya zamani tofauti inahisiwa kwenye vidole mara moja. Ukitoa picha za mwisho, Lightroom inatumia picha halisi mradi diski yake imechomekwa, kwa hiyo mteja hapotezi chochote. Tahadhari ni moja: usihukumu ukali na chembechembe za picha ukiwa kwenye nakala ndogo, kwa kazi hiyo ondoa alama kwanza.

Watu wengi hutengeneza previu za 1:1 wakitarajia Develop iwe nyepesi. Previu hizo zinaisaidia Library, pale unapochagua picha nzuri na kutupa mbaya, na kwa kuchagua ni nzuri sana. Develop haizitegemei. Ukijua tofauti hiyo utapanga kazi vizuri: jenga previu, chagua Library kwanza hadi mwisho, kisha ndipo uingie Develop na zile chache zilizobaki. Kurukaruka kati ya vyumba hivyo viwili kwa kila picha kunaichosha mashine bure.

Kwenye ukurasa huohuo wa Performance kuna Camera Raw Cache. Kwa kawaida imewekwa gigabaiti 5. Iongeze hadi 20 kama SSD ina nafasi, na hakikisha folda yake iko kwenye SSD. Juu yake kuna Use Graphics Processor. Iwe Auto. Kama picha inamemeteka au programu inajifunga, weka Off, anzisha upya, rudia kipimo chako. Kwenye mashine zenye kadi dhaifu za zamani wakati mwingine Off ndiyo nyepesi. Usibishane na saa. Lakini kabla ya kuamua, pakua draiva mpya (programu inayoendesha kadi ya grafiki) kutoka tovuti ya Intel, AMD au NVIDIA yenyewe, kwa sababu ile iliyowekwa na Windows huweza kuwa ya nyuma sana.

Halafu Edit, Catalog Settings, Metadata. Ukikuta alama kwenye Automatically write changes into XMP na unatumia HDD, iondoe. Kila mvuto wa slaida unaandikwa kwenye faili la pembeni. Ukitaka mafaili hayo kama akiba, chagua picha zote mwisho wa kazi na ubonyeze Ctrl na S. Bonyeza pia jina la Lightroom kwenye kona ya juu kushoto: utaona kama utambuzi wa sura au utafutaji wa anwani unaendelea. Simamisha kazi hizo hadi usiku. Mara moja kwa mwezi nenda File, Optimize Catalog.

Mpangilio wa marekebisho nao una uzito wake. Safisha madoa kwanza, kisha nyoosha mistari na kukata, kisha mwanga na rangi za picha nzima, kisha maski na brashi, na mwishoni kabisa kupunguza chembechembe na kuongeza ukali. Maski ni mahesabu yanayorudiwa kila unapogusa kitu chini yake. Picha yenye maski sita, tatu kati yake za kumtambua mtu moja kwa moja, itakuwa nzito kwenye mashine yoyote ya kawaida. Ukihitaji kulainisha ngozi kwa undani, fanya picha hiyo moja kwenye Photoshop.

Denoise ile ya akili bandia, iliyokuja mwaka 2023, ni suala la kadi ya grafiki tu. Kwenye laptopu isiyo na kadi yake huweza kuchukua dakika nyingi kwa picha moja. Huna cha kurekebisha hapo. Itumie kwa picha chache za ukumbini zilizoharibika, uiache ifanye usiku, na kwingine tumia slaida za kawaida za Noise Reduction.

Hatua ya tano: ndani ya Photoshop

Chini kushoto mwa dirisha la picha kuna mshale mdogo. Ubonyeze uchague Efficiency. Ikisoma 100%, Photoshop ina RAM ya kutosha kwa faili hilo. Ikishuka chini na kubaki huko, imeanza kutumia diski, na hapo ndipo unapohisi brashi inakuja nyuma ya mkono.

Elewa kwa nini inashuka. Ukurasa mmoja wa albamu ya inchi 12 kwa 36 kwa pikseli 300 kwa inchi una pikseli 3,600 kwa 10,800, karibu milioni 39. Katika biti 8, leya moja iliyojaa ni kama megabaiti 117. Katika biti 16 ni mara mbili yake. Weka leya kumi na umeshapita gigabaiti moja, kabla ya historia, kabla ya faili la pili ulilolisahau wazi. Kwa hiyo fungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Kama picha zimeshasahihishwa rangi Lightroom, kupanga albamu kwa biti 8 kunatosha kwa uchapaji wa kawaida. Weka picha ndogo kwa ukubwa wake wa kwenye ukurasa. Smart Object inabeba picha nzima ndani yake hata ukiifinya iwe ndogo kama stempu.

Kwenye Edit, Preferences, Performance, punguza History States kutoka 50 hadi 20. Mgawo wa RAM huwa 70%; kwenye mashine ya gigabaiti 8 usiupandishe ukidhani unasaidia, maana Windows nayo itakosa pumzi, na uzito utarudi kwa mlango mwingine. Kwenye Scratch Disks, diski za mafaili ya muda, chagua SSD yenye nafasi. Kamwe usichague flashi. Ukikwama katikati ya kazi, hifadhi faili, kisha Edit, Purge, All. Itakusafishia historia na vilivyonakiliwa, lakini hutaweza kurudi nyuma.

Kama Photoshop imekuwa nzito ghafla bila sababu, anzisha huku umeshika Ctrl, Alt na Shift, na ukubali kufuta mipangilio. Brashi na action zako zihifadhi kwanza. Anayetumia GIMP atafute Preferences, System Resources, Tile cache size, na aipe karibu nusu ya RAM.

Hatua ya sita: joto, vumbi na umeme

Pwani, chumba bila kiyoyozi mchana wa Februari ni adhabu kwa laptopu. Prosesa za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 ili zisiungue. Programu ya bure HWiNFO inaonyesha namba hiyo. Ukiona Speed inaanza 3 GHz na baada ya dakika kumi za Export inashuka hadi 1.2, na joto liko tisini na kitu, usinunue chochote. Mpe fundi anayeaminika aifungue, atoe vumbi kwenye feni na mapezi ya kupoozea, abadilishe peisti ya prosesa. Akipuliza kwa bloa ashike feni isizunguke. Nyumbani, inua nyuma ya laptopu kwa vitabu viwili na uitoe kitandani. Godoro linaziba matundu ya hewa.

Hariri ukiwa umechomeka chaja, na kwenye Settings, System, Power & battery, chagua Best performance. Kwa betri pekee mashine nyingi hujibana.

Hatua ya saba: wanaokula pamoja nawe

Chrome yenye vichupo thelathini, simu inayosawazisha picha, programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye Task Manager, Startup apps, zima usizozihitaji. Kwenye Windows Security unaweza kuongeza folda ya katalogi na ya Camera Raw Cache kwenye Exclusions ili zisikaguliwe kila zinapoandikwa. Folda hizo tu. Usitoe diski nzima, wala Downloads.

Lazima niseme wazi kuhusu Photoshop zilizokrakiwa, zile za kwenye flashi zinazokuja na maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza. Baadhi hubeba programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia prosesa yako. Dalili ni feni kupiga kelele wakati hufanyi kitu, kisha kunyamaza mara ufunguapo Task Manager, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kujificha hapo. Hakuna mpangilio utakaoondoa uzito huo. Sakinisha Windows upya. Na kama malipo ya kila mwezi ya Adobe ni mzigo, darktable, RawTherapee na GIMP ni bure kihalali na zinaweza kumaliza harusi nzima.

Hatua ya nane: kama bado unahitaji kununua

Kama Task Manager ilisema HDD, nunua SSD kabla ya kitu kingine chochote. SSD ya SATA inasoma hadi kama megabaiti 550 kwa sekunde, lakini faida kubwa iko kwenye vile vipande vidogo vilivyotawanyika. Fungua mashine uone inapokea aina gani: ya inchi 2.5, au ya M.2, na kama ni M.2, kama ni SATA au NVMe. Zinafanana kwa umbo, na si kila tundu linapokea zote mbili.

Kama ni RAM, lenga gigabaiti 16. Ule mstari wa Slots used ukisema 1 of 2, ongeza kipande cha pili cha aina na ukubwa uleule badala ya kutupa cha kwanza. Vipande viwili hufanya kazi sambamba, na kadi ya grafiki iliyo ndani ya prosesa, ambayo inakopa RAM hiyohiyo, inapata nafuu inayoonekana. Kagua kwanza kama RAM haijachomelewa kwenye bodi. ThinkPad X1 Carbon na MacBook za M1 na kuendelea haziongezeki. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachofia nacho.

Kubadilisha mashine kuwe kwa mwisho, kwa yule ambaye CPU au GPU ndiyo iliyojaa muda wote huku diski na RAM zikiwa zimetulia. Soma namba ya prosesa: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U cha nane. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inazitambua rasmi Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo chini ya hapo bei iwe ya chini sana ndipo ufikirie. Nenda dukani na flashi yenye CrystalDiskInfo ile isiyohitaji kusakinishwa na folda ya picha zako za RAW. Angalia afya ya diski na saa ilizofanya kazi, angalia Slots used, nakili folda kutoka diski kwenda diski, chomeka chaja utakayopewa, iache mashine ifanye kazi nzito robo saa huku ukitazama Speed. Muuzaji mwaminifu atakupa kiti usubiri. Asiyekuruhusu kufungua Task Manager, mshukuru na uende duka la pili.